Nyumba na Vyombo Vyake: Mlango wa Motokaa Usiwe Ngoma

Sajini mmoja wa polisi aliyehamishiwa Gulu alikuwa akisafiri kutoka Kampala katika motokaa yake kuukuu, pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Walipokaribia daraja la Karuma, pale mto Nile unapopita kwa ghadhabu kati ya mawe, mkewe alimwambia, "Baba Watoto, simama." Sajini akageuza macho kando ya barabara, akaona kundi la nyani wamekaa wakingojea makombo ya wasafiri, akajibu kwa uchangamfu, "Nimewatazama, Mama Watoto. Leo ni wengi kweli." Mkewe akarudia neno lake. Sajini akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari. Kabla neno hilo halijasemwa mara ya tatu, mtoto mdogo alikuwa amekwisha kutapika juu ya sare iliyopigwa pasi na kutundikwa nyuma, tayari kwa gwaride la kesho yake.

Safari iliyobaki ilikwenda bila maneno. Usiku, sare ilipokwisha kufuliwa na kuanikwa, mama alisema, "Nikisema na ukuta wa nyumba hii nitajibiwa upesi kuliko nikisema nawe." Sajini naye akajitetea kwamba kosa si lake bali la motokaa, ambayo milango yake inavuma na kulia kama debe tupu lililofungwa nyuma ya baiskeli. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu yake ya haki, kama itakavyoonekana mbele.

Ugomvi wa namna hii si wa nyumba moja. Askari na jamaa zao ni watu wa safari: leo uhamisho, kesho likizo, kesho kutwa msiba wa kijijini. Wengi wao hununua motokaa zilizokwisha kutumika miaka mingi huko Japani, na zinapofika Afrika Mashariki mipira ya milango imekwisha kukauka na vishikizo vya ndani vimelegea. Katika motokaa ndogo iendayo kilomita 100 kwa saa juu ya lami, kelele za ndani aghalabu huwa desibeli 65 hadi 75. Mtu anayezungumza kwa kawaida, akiwa umbali wa mita moja, hutoa sauti ya desibeli 60 hivi. Basi si ajabu maneno ya mama kumezwa na barabara kabla hayajafika kwa baba.

Kosa la godoro

Sajini hakukawia kutafuta dawa. Alipata kijana mmoja aliyejiita fundi, ambaye kwa ujira uliotolewa katika kopo la karo za watoto aliifungua milango yote minne, akaijaza vipande vya godoro kuukuu na matambara, akaifunga tena. Kwa wiki mbili motokaa ilionekana kuwa na utulivu. Kisha mvua zikaanza. Baada ya mwezi mmoja kulikuwa na harufu ya uvundo ndani ya motokaa, kioo cha mlango wa mbele kilikwama katikati, na kila motokaa ilipokata kona maji yalisikika yakicheza ndani ya mlango kama maji ndani ya kibuyu.

Mama ndiye aliyeamua kwamba shauri lipelekwe kwa mwenye ujuzi. Karibu na kambi aliishi mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya jeshi. Mzee aliufungua mlango mmoja tu, akatoa godoro lililoloa chapachapa, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi kutu iliyoanza kula chuma cha chini.

"Afande," alisema, "nani alikwambia kwamba mlango wa motokaa ni mkavu ndani?"

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwenye motokaa hana budi kulifahamu. Mvua inayotiririka juu ya kioo huingia ndani ya mlango, na watengenezaji wanajua hivyo. Ndiyo sababu waliacha matundu madogo chini kabisa ya mlango ili maji yatoke, na ndiyo sababu huweka karatasi ya plastiki nyuma ya ubao wa ndani ili maji yasifike kwenye viti. Kitu chochote kinachonyonya maji, kama pamba, godoro, gunia au kitambaa, kikitiwa humo hugeuka kuwa sifongo iliyobanwa juu ya chuma mchana na usiku. Kikiziba matundu, mlango huoza. Tena ndani ya mlango mna nyaya za umeme. Cheche moja juu ya pamba kavu yaweza kuwa moto.

Kelele hutoka wapi

Mzee hakuanza na mlango. Alimwomba sajini waizungushe motokaa barabarani kwanza, naye akakaa nyuma akiwa amefumba macho. Walipokata kona ya kulia, uzito wa motokaa ukaelemea magurudumu ya kushoto, na mvumo mmoja mnene ukazidi. Walipokata kona ya kushoto, mvumo ukapungua. Mzee akaagiza motokaa isimamishwe na gurudumu la mbele la kushoto liinuliwe kwa jeki. Alipolizungusha kwa mkono lilikwaruza, na alipolishika juu na chini na kulitikisa, lilicheza. Beringi ilikuwa imekwisha.

"Kama kijana yule angefaulu kuizima sauti hii," alisema mzee, "angekuwa amemzima mlinzi, na mwizi angeingia. Gurudumu hili lingewatupa porini pamoja na watoto."

Mama aliposikia hayo alikaa juu ya jiwe. Fedha iliyokuwa imebaki katika kopo ikanunua beringi mpya siku ile ile, na hakuna aliyeinung'unikia.

Kanuni ya pili, basi, ni hii: kelele ni taarifa, na taarifa husomwa kabla ya kutupwa. Motokaa ndogo ikipita mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kelele za tairi aghalabu huwa kubwa kuliko za injini. Tairi iliyolika upande mmoja, au iliyolika kwa vipandevipande, huvuma kwa mfululizo. Lami iliyonyunyiziwa kokoto kubwa hupiga kelele kuliko lami laini, na dereva ataona kelele zikibadilika ghafula pale lami inapobadilika. Kelele zinazobadilika kwa kona ni za kuchunguza beringi. Zinazolia mtu akanyagapo breki ni za kuchunguza breki. Zote hizo hutibiwa mahali pake, wala si mlangoni.

Yaliyobaki ndiyo ya mlango, nayo ni ya namna tatu. Kwanza, upepo na vumbi vinavyopenya penye mpira uliokufa. Pili, vyuma na vishikizo vinavyogongana ndani. Tatu, bati la nje lenyewe, ambalo ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na kwa hiyo hutetemeka.

Ili kueleza hilo la tatu, mzee alichukua debe tupu, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia. Kisha akaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya bati, akaligonga tena. Likatoa mlio mfupi uliokufa papo hapo. "Je, debe limejaa kitu?" aliwauliza watoto. Wakajibu kwamba halikujaa. "Basi mlango hauhitaji kujazwa. Unahitaji kiganja."

Mipira kwanza

Kazi isiyo na gharama ndiyo hutangulia. Mwenye motokaa achukue kipande cha karatasi, akiweke kati ya mlango na fremu, afunge mlango, kisha akivute. Karatasi ikishikwa, mpira mahali hapo uko hai. Ikitoka bila ukinzani, mpira umekufa au mlango umelegea. Ajaribu hivyo kuuzunguka mlango wote. Usiku anaweza kumweka mtoto ndani na tochi, naye akakaa nje akitazama penye mwanga. Palipo na mwanga pana kelele, na katika barabara ya murramu, pana vumbi pia.

Mtu asidharau mwanya mdogo. Ikiwa sehemu moja tu katika mia ya mlango iko wazi, mlango mzima hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama chuma chake kingekuwa kinene kama ukuta wa boma. Ndiyo maana mtu anayebandika vitu vya thamani juu ya bati, huku mipira yake imepasuka, ni sawa na mtu anayeweka kufuli mlangoni na kuacha dirisha wazi.

Mipira ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, kisha ipakwe gliserini ya duka la dawa au mafuta ya silikoni. Mafuta ya injini, dizeli, petroli na mafuta ya mgando ya kujipaka yasitumiwe, kwa kuwa huivimbisha mipira ya namna hiyo na kuiharibu. Uliopasuka ubadilishwe. Mlango uliolegea bawabani urekebishwe na fundi, kwani mpira mpya hauwezi kunyoosha mlango uliopinda.

Kufungua na kubandika

Baada ya hayo ndipo mlango unapofunguliwa. Mzee aliyafanya haya kwa utaratibu, huku mama akimshikia taa na kuandika kila parafujo ilikotoka.

Kioo hupandishwa juu kabisa. Waya wa betri huondolewa, kisha fundi hungoja dakika kadhaa. Motokaa nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa ya kuokoa abiria, na baadhi zina vipima mgongano ndani ya mlango. Nyaya za rangi ya manjano zisiguswe, na kipima cha aina hiyo kisifunikwe wala kusogezwa. Asiyeweza kukitambua amwachie fundi anayekijua.

Parafujo za kishikio na za mkono wa kuzungushia kioo hufunguliwa, kisha ubao wa ndani huvutwa taratibu kuanzia chini, kwa kuwa umeshikwa na vishikizo vya plastiki vinavyovunjika kwa haraka. Karatasi ya plastiki hubanduliwa bila kuchanwa. Matundu ya chini huzibuliwa kwa kijiti. Kutu husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha huachwa ikauke kabisa. Upande wa ndani wa bati la nje huoshwa na kupanguswa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, maana gundi haishiki juu ya vumbi wala mafuta.

Kiganja cha mzee, yaani kitu cha kulituliza bati, ni karatasi nzito ya mpira wa butili yenye alumini upande mmoja na gundi upande wa pili. Mpira huo ulibuniwa Marekani mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas, wataalamu wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, na sifa yake ya kuzuia hewa isipenye iliufanya utumiwe sana kwa tyubu za magurudumu. Una sifa nyingine: unapotikiswa huumeza mtikisiko na kuugeuza kuwa joto kidogo sana lisiloonekana. Tyubu kuukuu, hata hivyo, haiwezi kushika nafasi ya karatasi hiyo, kwa kuwa haina gundi ya kushikana na bati wala alumini ya kuubana mpira. Lami ya barabarani nayo haifai. Motokaa iliyoachwa juani hupata joto kali, nayo lami hiyo hulainika, hunuka na kudondoka.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Bati halihitaji kufunikwa lote. Robo ya eneo lake, katikati ya sehemu pana inayotetemeka, yatosha kulinyamazisha kwa kiasi kikubwa. Karatasi ya milimita 2 ina uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa kila mita ya mraba, na mlango uliobebeshwa mizigo huchosha bawaba zake. Vipande hukatwa, hupitishwa kupitia matundu makubwa ya bati la ndani, hubandikwa nyuma ya chuma cha kinga kilichomo mlangoni, na kukandamizwa kwa rola ndogo mpaka hewa yote itoke chini yake. Kioo hushushwa na kupandishwa ili kuhakikisha hakigusi kitu.

Kisha nyuzi za chuma za kitasa huzungushiwa utepe wa kitambaa ili zisigongane, mahali pa kuteleza pakiachwa huru. Matundu makubwa ya bati la ndani huzibwa kwa karatasi ile ile, ila yale yanayohitajika kwa mitambo. Karatasi ya plastiki hurudishwa mahali pake, nayo iliyochanika hubadilishwa. Atakayetaka kuongeza, aweke nyuma ya ubao sponji nyembamba ya namna isiyonyonya maji. Mwisho, mlango humwagiwa maji kwa kopo juu ya kioo: maji yakitoka chini, kazi imefaulu, yasipotoka, ubao ufunguliwe tena kabla ya mvua.

Yapo maonyo mawili kwa askari. Gari la serikali lisiguswe pasipo idhini ya ofisa wa usafirishaji, hata kama linavuma namna gani. Na hakuna dereva anayepaswa kuitamani motokaa iliyo bubu: honi ya lori, king'ora cha gari la wagonjwa na kilio cha mtoto barabarani ni sauti ambazo lazima zimfikie.

Milango na masikio

Mzee hakuwaficha jamaa ile kiasi cha faida. Milango ikitulizwa vizuri, kelele katika mwendo wa kasi hupungua kwa desibeli chache tu, kwa kuwa nyingine hupita sakafuni na juu ya magurudumu. Lakini mtikisiko na mgongano huondoka, mlango hufungwa kwa sauti nzito ya heshima, vumbi hupungua, na watu husemezana bila kupaaza sauti.

Mwezi uliofuata jamaa ile ilisafiri tena. Motokaa ilikuwa na tairi zilizojazwa upepo kwa kipimo, beringi mpya, mipira iliyoshika na milango iliyotulizwa. Watoto walilala njia nzima tangu Luwero. Walipofika Karuma, nyani walikuwa mahali pao pa siku zote, na mama, bila kuinua sauti, akasema, "Baba Watoto, tazama."

Sajini akawasha taa ya kuashiria, akaondoka barabarani kwa uangalifu, akasimama. "Nani anaumwa?" aliuliza.

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, na watoto walioamka wakacheka pamoja naye. Kisha akanyamaza, akamtazama mumewe kwa namna nyingine. Sauti ilikuwa imemfikia, lakini neno halikumfikia. "Baba Watoto," alisema, "sasa motokaa imetibiwa. Je, wewe?"

Hapo ndipo haki ya mama ilipokuwa. Sajini alikuwa amepiga shabaha miaka 16, na miaka mingi kati ya hiyo bila kitu masikioni. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno zinazopokea sauti, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Aghalabu zinazokufa kwanza ni zile zinazopokea sauti kali na nyembamba. Mtu wa namna hiyo husikia irabu za neno, lakini hupoteza konsonanti kama s, f, t na sh. Kwa hiyo hudai kwamba anasikia, na ni kweli anasikia. Asichoweza ni kutofautisha. Penye kelele za motokaa, sokoni au darini mvua inaponyesha, upungufu wake huzidi, na jamaa zake hudhani ni kiburi.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, iliweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2. Motokaa ndogo iliyo nzima haifiki huko. Kiwanja cha shabaha, karakana na jenereta hufika na kupita. Vizibo vya masikio, vinavyovaliwa kabla ya risasi ya kwanza, humlinda askari kuliko milango yote ya motokaa.

Jumatatu sajini alikwenda hospitali kupimwa masikio. Daktari alithibitisha upungufu wa sauti nyembamba katika masikio yote mawili, la kushoto likizidi, kama ilivyo kawaida kwa wanaoegemeza bunduki begani mwa kulia. Alimpa ushauri wa namna ya kuyahifadhi yaliyobaki, akamwagiza mkewe naye: asimame mbele yake anaposema, aongee taratibu, wala asipige kelele.

Siku hizi, kabla ya kuondoka nyumbani, mama humgusa sajini begani mara moja akitaka asimame, na mara mbili akitaka atazame. Kopo la karo limejaa tena. Na sare ya gwaride husafiri ndani ya sanduku.